Bega na Mkono Vilizaliwa Siku Moja

Leo naanza na ombi. Pandisha mkono wa nguo yako hadi begani. Tazama ngozi ya huko juu, upande wa ndani, karibu na kwapa. Haya, sasa tazama mgongo wa kiganja. Bega na kiganja vilizaliwa siku moja, kwa mama mmoja, vikalelewa kwa ugali mmoja. Mbona kimoja kina sura ya kijana na kingine kina sura ya mzee wa baraza?

Swali hilo nililipata bichi, si studioni. Nilikuwa nimevuka kutoka Mbita kwa mashua ya asubuhi, nikashuka Sena, kisiwani Mfangano, nikafuata ufuo hadi mahali akina mama walikuwa wameanika omena, samaki wadogo wa ziwani. Anayeifahamu Mfangano anajua kwamba ni kisiwa cha mawe na miteremko. Mlima Kwitutu umesimama katikati kama mwenye boma, na watu wamebanwa kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Kila kipande tambarare kimetandikwa wavu, juu ya wavu kuna omena, na juu ya omena kuna jua. Hapo alikuwepo bibi mmoja. Jina lake silitaji, maana hakunipa ruhusa; nami namwita dani kama wajukuu wake wanavyomwita. Ana miaka sabini na kitu. Alipojua kwamba mimi ndiye yule wa redio, alifungua fundo la leso akatoa kikopo kidogo cheupe. Hakikuwa na jina la kiwanda wala maelezo ya kilichomo. Kilikuwa na picha ya msichana mweupe pe, basi.

“Nyathina,” akaniuliza, “hii itanitoa uzee usoni?”

Usoni mwa dani mlikuwa na mambo mawili. Kuanzia chini ya macho kushuka mashavuni alikuwa na vipunje vyeusi, vidogo, vimeinuka, kama simsim iliyomwagika. Kisha juu ya mifupa ya mashavu na kwenye paji la uso palikuwa na mabaka ya kahawia yaliyotambaa bila mpaka wa kueleweka. Yeye aliviita vyote kwa jina moja: uzee. Nikamwomba apandishe mkono wa gauni. Akacheka, akapandisha. Bega lilikuwa rangi moja, laini, utadhani ni la binti yake. Akalitazama kitambo.

“Kumbe nimezeeka mahali mahali tu,” akasema.

Msikilizaji, sijapata kusikia daktari akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee wa ngozi si hesabu ya miaka. Ni hesabu ya jua, na jua halidai mwili mzima kwa usawa. Linadai uso, masikio, shingo, mgongo wa kiganja na mkono hadi mahali shati linapoanzia. Dereva wa gari letu la Kenya, ambaye hukaa upande wa kulia, hudaiwa zaidi mkono wake wa kulia, ule anaouegemeza dirishani.

Sasa tukae kidogo kwenye hiyo omena, maana ndiyo kiini cha habari yenyewe. Omena huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza ambapo mwezi hauchezi na taa za wavuvi. Mwanamume anayevua omena humaliza kazi yake jua likiwa bado halijapanda. Alfajiri mashua zinaingia, akina mama wananunua, wanabeba, wanatandaza. Kuanzia hapo kazi ni ya mwanamke na jua. Omena nzuri ni iliyokauka siku ileile. Ikichelewa hugeuka chakula cha kuku na bei yake huanguka. Kwa hiyo mama huyo anautafuta ukali wa jua kwa makusudi. Anainama juu ya wavu, anageuza, anafukuza ndege na kuku, anainama tena. Jua lilelile analoliombea likaushe samaki ndilo linalomchora uso. Ukitaka kujua kwa nini mabaka ya mashavuni ni mengi kwa akina mama wa bichi kuliko kwa waume zao wavuvi wa omena, sehemu ya jibu imo kwenye ratiba hiyo. Sehemu nyingine nitaifikia.

Na jua la ziwa letu si jua la kawaida. Mfangano iko nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba jua hupita utosini kabisa, na miezi mingine halisogei mbali sana. Halafu uso wa ziwa uko mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari. Kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho lakini inayounguza ngozi, huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mtu wa Kisumu au wa Mbita anapunjwa kinga ambayo mtu wa Lamu anayo, bila habari. Mawingu nayo yanadanganya: wingu jepesi huruhusu miale hiyo mingi ipite, ndiyo maana unaweza kukaa mashuani siku ya mawingu na jioni uso unawaka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni la saa. Tunaambiwa jua kali ni la saa sita. Lakini saa za Kenya zimepangwa kwa longitudo 45, mstari unaopita kule karibu na Mogadishu. Mfangano iko kwenye longitudo 34. Kila digrii moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo saa ya ukutani ikigonga sita mchana, jua la Mfangano kwa wastani bado lina kama dakika 45 kabla ya kufika kileleni. Anayejikinga hadi saa sita na nusu akidhani makali yameisha, ametoka kivulini wakati mbaya kuliko wote. Jihesabie kuanzia saa nne na nusu hadi saa tisa na nusu. Huna saa? Tumia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina meno.

Najua kuna anayesema, mama, hayo ni ya wazungu, ngozi nyeusi haina shida na jua. Ana ukweli nusu. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walipima ngozi za watu weusi na weupe wakakuta kwamba ngozi nyeusi yenyewe ni sawa na kumpaka mtu dawa ya kukinga jua yenye namba 13 hivi, wakati ya mweupe haifiki 4. Hiyo ndiyo kazi ya melanini, ile rangi yetu. Ndiyo maana mikunjo hutuchelewea na saratani ya ngozi inayotokana na jua ni adimu kwetu. Lakini kinga ya namba 13, ukikaa nayo juani kwa muda wa saa sita kila siku kwa miaka 40, inavuja. Na inapovuja, ngozi yetu haifanyi kama ya mzungu. Ya kwake hukunjamana, ya kwetu hutoa rangi zaidi, tena huitoa bila mpangilio. Baka ni rangi iliyokuja kutetea ngozi ikasahau kuondoka.

Sasa turudi kwa uso wa dani, maana si kila doa ni doa moja.

Vile vipunje vya simsim si vya jua peke yake, wala si ugonjwa. Vina jina refu la Kilatini ambalo sitakuchosha nalo, na aliyeviandika kwanza kwenye vitabu vya udaktari ni Mwitaliano aliyeitwa Aldo Castellani, mwaka 1925. Castellani tunamjua huku ziwani kwa sababu nyingine. Mwaka 1902 alifika Entebbe kuchunguza malale, ugonjwa ule uliofagia watu wa visiwa na mwambao wa ziwa hili mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba amekuta vimelea vyake kwenye maji ya uti wa mgongo. Baadaye, mbali na hapa, ndipo akaviandika hivi vipunje vya mashavuni. Vinapita katika damu ya ukoo. Ukiviona kwa mama, vitafute kwa binti akifika miaka 30. Huongezeka na umri, havigeuki saratani, na mwigizaji Morgan Freeman anavyo wazi usoni na amepata tuzo ya Oscar navyo. Dani nilipomwambia kwamba vipunje vyake ni urithi, alinyoosha mgongo. Alisema mama yake alikuwa navyo.

Mabaka yale mapana ya mashavu na paji ni habari nyingine. Hayo hupenda wanawake zaidi. Huja wakati wa ujauzito, au na vidonge na sindano za kupanga uzazi, kwa sababu homoni huziamsha seli za rangi, kisha jua likamalizia. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya jibu nililoahidi. Usikimbie kuacha njia yako ya kupanga uzazi kwa sababu ya baka. Zungumza na muuguzi, njia ziko nyingi.

Kuna alama zinazobaki baada ya chunusi, mbu, kuungua na mafuta ya kukaanga samaki au kujikuna. Kwa ngozi nyeusi hizi ndizo nyingi kuliko zote, na huondoka zenyewe kwa miezi, mradi usizichokoe. Halafu yako yale madoa ya uzee yenyewe kama vitabu vinavyoyaeleza: bapa, ya kahawia, yenye mpaka kamili, mgongoni mwa kiganja na usoni. Kwetu huonekana kwa wenye ngozi ya maji ya kunde. Wazungu wa zamani waliyaita madoa ya ini. Ini halihusiki kabisa, lilipewa kesi isiyo yake, lakini jina limeng'ang'ania hadi leo.

Hapa niseme la moyoni kabla sijagusa kikopo cha dani. Hakuna kati ya haya niliyoyataja linalohitaji kutibiwa. Ngozi yenye baka haiumwi. Mtu akitaka kuliondoa kwa sababu halipendi kwenye kioo, ni haki yake, na sitamcheka. Lakini asiharakishwe na muuza duka, kwa kuwa haraka ndiyo inayowaharibu watu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharakishwa. Nikiwa na miaka 25 rafiki aliniambia ndimu husafisha uso. Nikajipaka maji ya ndimu asubuhi, nikaenda sokoni. Siku mbili baadaye nilikuwa na malengelenge, na yalipokauka yakaniachia michirizi myeusi kutoka shavuni hadi shingoni, alama kamili ya mahali maji yalipochuruzika. Ilichukua miezi mingi kufifia. Maji ya ndimu na limau yana kemikali ambayo ikipigwa na jua huunguza ngozi kama moto. Anayetaka kuondoa weusi kwa ndimu na kisha atoke nje amejiwekea weusi mpya. Ndimu ni ya samaki.

Sasa kikopo. Mafuta ya kujichubua yasiyo na maelezo mara nyingi huwa na mojawapo ya vitu vitatu, au vyote. Cha kwanza ni zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, ni kweli, lakini hupenya hadi kwenye figo. Na hii si hadithi ya ng'ambo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu watu wazima 60 waliougua figo, wamevimba miguu na uso, protini ikipotea kwenye mkojo. Walipowauliza, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Ni zaidi ya miaka 50 sasa tangu tuambiwe, na tuliambiwa kwa ushahidi wa miili yetu wenyewe. Ulimwengu uliwekeana mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana Geneva kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kufikia 2025. Zebaki haisomi mikataba. Bado iko sokoni.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii ni dawa halali mikononi mwa daktari wa ngozi, kwa kipimo kidogo na kwa miezi michache. Ikipakwa kwa miaka bila kipimo, ngozi hugeuka na kupata weusi wa bluu, wenye punje punje, ambao hakuna dawa inayouondoa vizuri. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Afrika Kusini na wenzake walieleza hali hiyo kwa wanawake weusi wa huko waliokuwa wakitafuta weupe. Walilipa pesa wakapewa weusi wa kudumu. Cha tatu ni steroidi kali, ile inayoifanya ngozi ing'ae wiki mbili za kwanza na kila mtu akuulize unatumia nini. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Kwa hiyo kikopo kisicho na maelezo kina sababu ya kutokuwa na maelezo.

Dani aliposikia hayo alinyanyua mkono akitaka kukitupa ziwani. Nikamshika. Zebaki ikiingia majini hugeuzwa na vijidudu vya tope, ikaingia kwa samaki wadogo, samaki wadogo wakaliwa na mbuta, na mbuta akarudi mezani kwetu. Kikopo cha namna hiyo kifunge vizuri, umpelekee afisa wa afya ya umma.

Je, dawa ya kweli ipo? Ipo, ila ni ya mwendo wa kobe. Kwa mabaka, daktari anaweza kukuandikia krimu ya tretinoini, ambayo mjamzito haruhusiwi kuitumia, au asidi ya azelaiki, ambayo ni ya upole zaidi na huvumiliwa na ngozi nyeusi. Niasinamidi na vitamini C husaidia kidogo. Zote zinahitaji miezi mitatu na zaidi kabla kioo hakijakubali, na zote ni kazi bure ukiendelea kuinama juani bila kofia. Ni kudeki sakafu huku paa linavuja. Kwa vipunje, mtaalamu huvichoma kimoja kimoja kwa sindano nyembamba ya umeme, moto mdogo sana. Hapo kuwa mwangalifu. Kuna hospitali zinazogandisha madoa kwa naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sufuri. Kwa mzungu ni kazi ya dakika moja. Kwetu sisi, seli za rangi hufa kwa baridi kabla ya seli nyingine, na pale palipokuwa na kipunje cheusi panabaki doa jeupe, pengine maisha yote. Leza nayo iko inayofaa ngozi nyeusi na iko inayoiunguza. Muulize anayetaka kukutibu ametibu nyuso ngapi za rangi yako. Asipopenda swali, ondoka. Na wembe wa nyumbani uachie ndevu.

Madaktari wa ngozi ni wachache na wengi wako mijini. Kutoka Mfangano safari ni ya mashua hadi Mbita, kisha barabara hadi Homa Bay, na kesi ngumu huenda hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Lakini wapo pia maafisa wa kliniki waliosomea ngozi. Chuo cha Moshi, kule hospitali ya KCMC, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, watu wa nchi zetu hizi, ili wilaya zisizo na daktari bingwa ziwe na mtu anayejua anachokitazama.

Na kuna wakati wa kumtafuta mtu huyo kwa haraka, si kwa urembo. Nisikilize hapa. Doa jeusi chini ya unyayo, kiganjani au chini ya kucha, linalokua, linalobadilika, hilo usiliite uzee. Bob Marley alikuwa na doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Liligunduliwa 1977 kuwa ni saratani ya melanoma, na Mei 1981 akafariki, ana miaka 36. Watu weusi ni nadra kuipata melanoma, lakini tunapoipata huanzia mara nyingi huko miguuni, mahali jua halifiki na macho hayafiki. Wavuvi wanaotembea pekupeku, tazameni nyayo zenu.

La pili ni letu zaidi. Mabaka ya zambarau au kahawia iliyoiva, yasiyouma wala kuwasha, miguuni, usoni, kwenye ncha ya pua au juu kwenye kaakaa la mdomo, yanaweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo hupenda mwili uliodhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kaunti ya Homa Bay karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa akiishi na virusi. Tumezoea kuficha. Mtu anaona baka la ajabu, ananunua mafuta, anapaka nusu mwaka. Wakati huohuo kipimo ni bure, dawa za ARV ni bure, na mara nyingi mabaka ya Kaposi hurudi nyuma dawa zikianza mapema.

Sitawasahau ndugu zetu wenye ualbino. Kwao hii mada si ya kioo hata kidogo. Doa kwao ni onyo, kidonda kisichopona ni dharura, na dawa ya kukinga jua ni kama chanjo. Serikali yetu, kupitia baraza la taifa la watu wenye ulemavu, huwagawia dawa hiyo bure. Chuo kilekile cha Moshi kimekuwa kikitengeneza yake kwa ajili yao, inaitwa Kilisun. Kama jirani yako ana mtoto mwenye ualbino na hajaandikishwa, umeshapata kazi ya kufanya wiki hii.

Basi mama wa bichi afanye nini? Dawa ya kukinga jua inayouzwa dukani ni nzuri, ile yenye SPF 30 kwenda juu, inayopakwa ya kutosha na kurudiwa kila saa mbili. Lakini nisiwadanganye: kwa mwenye kuuza omena kwa gorogoro, chupa moja ndogo inaweza kumeza faida ya siku kadhaa. Mwenye uwezo, mwenye mabaka, achague ile yenye rangi ya udongo, kwa sababu ngozi yetu huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na dawa nyeupe nyingi hazizuii mwanga huo. Kinachozuia ni oksidi ya chuma, yaani kutu, ndiyo inayoipa rangi. Na kutu hiyo si ngeni Mfangano. Pandeni Kwitone, au muingie pango la Mawanga, mtazame zile duara nyekundu na nyeupe zilizochorwa mwambani na watu wa kale kabla ya Abasuba wa kisiwani kufika. Wekundu wa namna ile ni udongo wa chuma. Wahimba wa Namibia bado wanajipaka udongo kama huo uliochanganywa na siagi, na mwaka 2015 watafiti waliupima wakakuta kweli unapunguza makali ya jua. Bibi zetu wa huku walijipaka mo alenya, samli safi. Ililainisha ngozi, nakubali, lakini samli peke yake haikingi.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote inapatikana kwenye mitumba: shati la mikono mirefu, la pamba, la rangi nzito, na kofia ya pama yenye ukingo wa upana wa kiganja pande zote. Kofia ya mchezo wa besiboli inakinga pua na kuyauza masikio. Leso kichwani inakinga nywele, ambazo hazikuomba msaada, na kuuacha uso wazi. Likwepeni pia jua lenyewe: omena itandazwe mapema, igeuzwe saa nne, kisha mtu akae kivulini mpaka saa kumi kasoro. Kuku wafukuzwe kwa fimbo ndefu kutoka chini ya mti. Vikundi vya bichi vinavyojenga chanja za kuanikia vijenge na kibanda pembeni. Samaki anataka jua, mwanikaji hana haja nalo.

Nilipovuka tena mwezi uliofuata nilimpelekea dani pama ya ukindu. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha simu ya mjukuu, akasema anafanana na chifu wa zamani. Mabaka yake yako palepale. Vipunje vyake vya simsim pia, na sasa anawaonyesha watu kwamba ni vya mama yake.

Leo jua litafika kileleni Mfangano kama dakika 45 baada ya saa sita. Wewe uliye na wavu nje, nenda kageuze omena yako sasa hivi, kabla halijafika.